Programu ndogo zinapogoma: dalili, chanzo na dawa yake

Kuna programu ambazo faili lake halizidi megabaiti chache, hukaa pembeni ya saa na kufanya kazi moja tu: kupanga mikato ya kibodi (vitufe unavyobonyeza pamoja ili kuanzisha kazi), kukumbuka ulichonakili, kuzima kompyuta kwa saa uliyotaka, kutafuta faili, kurekebisha mwanga wa kioo. Zikigoma, watu wengi huzifuta na kuzisakinisha upya, na tatizo hurudi vilevile, kwa sababu programu yenyewe ilikuwa nzima tangu mwanzo. Kabla ya kufuta chochote, jiulize mambo matatu. Inaendeshwa kwa ruhusa za nani? Kuna programu nyingine inayotaka kitu hichohicho? Na faili lake limewekwa wapi? Karibu kila dalili iliyo hapa chini inarudi kwenye mojawapo ya maswali hayo.

Maelezo mengi ni ya Windows 10 na 11. Majina ya menyu yameandikwa kama yanavyoonekana kwenye kioo. macOS na Linux zinafuata mwishoni.

Mkato wa kibodi haufanyi kazi

Kwanza tambua haufanyi kazi wapi. Fungua Notepad, bonyeza mkato wako. Kisha fungua Task Manager, bofya ndani ya dirisha lake, bonyeza tena. Mkato ukijibu kwenye Notepad na kunyamaza kwenye Task Manager, chanzo ni ruhusa. Tangu Windows Vista, programu yenye ruhusa za kawaida hairuhusiwi kusikiliza wala kutuma vitufe kwenye dirisha linaloendeshwa kwa ruhusa za msimamizi, kama hilo la Task Manager. Ni ukuta wa usalama, umewekwa makusudi, na hakuna setingi ndani ya programu yako inayoweza kuubomoa.

Ili kuhakikisha, funga programu hiyo, bofya kulia kwenye faili lake na uchague Run as administrator. Ikikubali, umeshapata jibu. Kwa matumizi ya kila siku iwashe kupitia Task Scheduler, zana ya Windows ya kupanga kazi, kama inavyoelezwa kwenye sehemu inayofuata. Lakini fahamu gharama yake: programu ya mikato iliyo na ruhusa za msimamizi hurithisha ruhusa hizo kwa kila kitu inachokifungua. Kama mkato wako unafungua kivinjari, kivinjari hicho nacho kitafunguka kikiwa na ruhusa za msimamizi, na hilo ni hatari isiyo ya lazima. Wanaotumia AutoHotkey, programu ya kuandika mikato kwa skripti (faili la maagizo), wana njia iliyo salama zaidi: ukiisakinisha ndani ya Program Files, utapata chaguo la Run with UI access unapobofya kulia kwenye skripti. Hilo linaifanya ifikie madirisha ya msimamizi bila yenyewe kuwa msimamizi.

Mkato ukiwa kimya kila mahali, uwezekano mkubwa ni kwamba umewahiwa. Windows hugawa mikato kwa anayeomba kwanza. Anayekuja wa pili hukataliwa, na programu nyingi hazikuambii kwamba zimekataliwa. Kitufe cha Print Screen ndicho kinachogombewa zaidi. Kwenye Windows 11 nenda Settings, Accessibility, Keyboard, kisha zima swichi ya Print screen inayofungua zana ya kupiga picha kioo. Angalia pia programu za kuhifadhi faili mtandaoni na zile zinazokuja na kadi ya picha, maana nazo hukichukua kitufe hicho au mikato inayoanza na Alt. Kumpata mkosaji ni kazi ya kugawa nusu: funga nusu ya programu zilizo karibu na saa, funga na ufungue ile yako, jaribu. Mkato ukirudi, mkosaji yumo kwenye nusu uliyofunga; usiporudi, yumo kwenye nusu iliyobaki. Hata zikiwa programu kumi na sita, raundi nne zinatosha.

Ctrl+Alt+Delete na Win+L usizipangie kazi nyingine. Windows imezihifadhi kwa ajili yake. Na kwenye kibodi zenye kitufe cha AltGr, kuwa mwangalifu na mikato ya Ctrl+Alt, kwa kuwa AltGr huhesabiwa kama vitufe hivyo viwili vikibonyezwa pamoja. Utajikuta mkato unajiwasha unapoandika alama ya kawaida.

Dalili inayosumbua vichwa zaidi ni ile ya mkato unaofanya kazi vizuri asubuhi kisha unakufa baada ya saa kadhaa, ilhali ikoni ya programu bado ipo. Programu zinazosikiliza kila kitufe huwekewa muda wa kujibu na Windows, na tangu toleo la 1709 la Windows 10 muda huo hauwezi kuzidi milisekunde 1000. Kompyuta ikielemewa, au skripti yako ikifanya kazi ndefu kabla ya kurudisha jibu, Windows huiondoa kwenye orodha ya wasikilizaji bila kuijulisha. Kuifunga na kuifungua tena kunarudisha hali. Dawa ya kudumu ni kutoa kazi nzito nje ya sehemu inayopokea kitufe: mkato uanzishe tu, kazi yenyewe ifanyike baadaye kidogo, kwa mfano kwa SetTimer, amri ya AutoHotkey ya kuahirisha kazi.

Ukiona kompyuta inafanya kana kwamba Ctrl au Shift imekwama, bonyeza na kuachia vitufe vyote vya aina hiyo, vya kushoto na vya kulia. Hutokea pale unapoachia kitufe wakati kioo kimefungwa au dirisha la kuomba ruhusa limejitokeza. Programu iliona kitufe kikibonyezwa, haikuona kikiachiwa. Kwenye AutoHotkey toleo la 2, kuweka `KeyWait "Ctrl"` kabla ya `Send` huzuia mengi ya haya.

Na kama skripti ya AutoHotkey inatoa kosa mara tu unapoifungua, angalia toleo kabla ya kuangalia kitu kingine chochote. Toleo la 2.0 lilitoka rasmi Desemba 2022 na sarufi yake ni tofauti: `MsgBox, Habari` ni ya toleo la kwanza, `MsgBox "Habari"` ni ya pili. Skripti nyingi zinazosambaa bado ni za zamani. Sakinisha matoleo yote mawili, kisha mstari wa kwanza wa kila skripti uandike `#Requires AutoHotkey v1.1` au `#Requires AutoHotkey v2.0`. Kifunguzi cha AutoHotkey kitachagua toleo linalofaa.

Programu haijiwashi kompyuta inapowaka

Anza na Task Manager, sehemu ya Startup apps. Ikiandikwa Disabled, washa. Kama haimo kabisa kwenye orodha, bonyeza Win+R, andika `shell:startup`, na uweke humo njia ya mkato (shortcut) ya programu. Weka njia ya mkato, usihamishie faili lenyewe humo.

Ikiwa imo, imewashwa, na bado haifunguki, basi mara nyingi ni programu inayodai ruhusa za msimamizi. Windows haikubali dirisha la kuomba ruhusa lijitokeze kwa programu zinazojiwasha kwa njia hii, kwa hiyo huiruka kimyakimya. Hapo ndipo Task Scheduler inapohitajika. Chagua Create Task, wala si Create Basic Task. Kwenye General weka tiki kwenye Run with highest privileges. Kwenye Triggers chagua At log on, na uweke kuchelewa kwa sekunde 30. Programu ikiamka kabla ya upau wa chini kuwa tayari, ikoni yake inaweza kukosekana ingawa programu inaendelea kufanya kazi. Kwenye Conditions ondoa tiki ya umeme, ambayo tunaifikia sasa hivi. Kwenye Settings ondoa ile ya kusimamisha kazi ikizidi siku 3, la sivyo programu yako itakatwa siku ya nne kama huzimi kompyuta.

Kazi iliyopangwa haikufanyika

Windows huziwekea kazi zilizopangwa masharti ambayo mtu hakuyaomba. Kwenye kompyuta ya mkononi, kazi mpya huwa na tiki kwenye Start the task only if the computer is on AC power. Ukiwa kwenye betri, haianzi. Ukichomoa chaja katikati, inakatwa. Vilevile, saa ya kazi ikipita kompyuta ikiwa imezimwa, kazi hairudiwi mpaka uweke tiki kwenye Run task as soon as possible after a scheduled start is missed, iliyo kwenye Settings.

Kisha soma safu ya Last Run Result. Misimbo yake inasema mengi:

- `0x0`: imekamilika. Kama huoni matokeo, tatizo limo ndani ya skripti.
- `0x1`: skripti ilianza ikaishia kwenye kosa, mara nyingi kwa sababu ya folda ya kuanzia (Start in).
- `0x2`: faili halikupatikana.
- `0x41301`: bado inaendelea.
- `0x41303`: haijawahi kuanza.
- `0x8007010B`: folda ya kuanzia haieleweki. Angalia alama za kunukuu.
- `0x8007052E`: jina au nywila imekataliwa.

Huo wa alama za kunukuu umewapotezea watu jioni nzima. Kwenye Program/script, njia yenye nafasi huzungushiwa alama za kunukuu. Kwenye Start in haizungushiwi, hata ikiwa na nafasi. Na usiache Start in wazi kwa kuwa imeandikwa ni ya hiari: ikiwa tupu, skripti huanzia `C:\Windows\System32`, na faili lolote ulilolitaja kwa jina tupu litatafutwa huko. Hiyo ndiyo sababu skripti inakubali ukiibofya mara mbili na inakataa ikipangwa.

Kwa PowerShell, weka `powershell.exe` peke yake kwenye Program/script, kisha kwenye Add arguments andika `-NoProfile -ExecutionPolicy Bypass -File "C:\Zana\nakili.ps1"`.

Kazi ikifanyika lakini dirisha halionekani, umechagua Run whether user is logged on or not. Kazi za namna hiyo huendeshwa kwenye kikao kingine kisicho na kioo. Programu ipo kwenye Task Manager, ila huwezi kuiona wala kuigusa. Chaguo hilo pia linadai nywila ya akaunti, na PIN haikubaliki. Ukibadilisha nywila, kazi zote za aina hiyo hufa kwa msimbo wa mwisho kwenye orodha ya hapo juu.

Diski ya mtandao iliyopewa herufi, tuseme `Z:`, mara nyingi haionekani kwa kazi yenye ruhusa za juu, kwa sababu kwa Windows huyo ni mtumiaji wa kikao tofauti. Andika njia kamili, kwa mfano `\\seva\nakala`. Ukitaka kuona historia, kumbuka kwamba huwa imezimwa. Bofya Enable All Tasks History upande wa kulia, kisha jaribu tena.

Kompyuta hailali, inaamka yenyewe, au haizimi kwa wakati

Fungua Terminal kwa ruhusa za msimamizi na uandike `powercfg /requests`. Itataja programu au draiva inayozuia kulala. Programu za kuizuia kompyuta isilale huonekana hapo, na vivinjari vinavyocheza video pia. Ikitajwa draiva ya sauti, kuna programu iliyoacha mlango wa sauti wazi. Funga moja moja na urudie amri. Baadhi ya programu za kuzuia usingizi hazionekani kwenye orodha hii kwa kuwa hutumia mbinu nyingine: hubonyeza kitufe cha kubuni. Caffeine, kwa mfano, hutuma F15 kila baada ya sekunde 59. Herufi za ajabu zikijitokeza ndani ya dirisha la kompyuta ya mbali kila dakika, chanzo ni hicho.

Kwa kuamka usiku, `powercfg /lastwake` husema nani aliiamsha mara ya mwisho, na `powercfg /waketimers` huorodhesha kengele zinazosubiri. Upande wa pili ni kazi uliyoipangia iamshe kompyuta na haiamki: tiki ya Wake the computer to run this task haitoshi peke yake. Lazima pia Allow wake timers iwe imewashwa kwenye mipangilio ya umeme.

Kuzima kwa wakati hakuhitaji programu ya ziada. `shutdown /s /t 5400` huzima baada ya dakika 90, na `shutdown /a` hufuta agizo. Ukipata kosa la 1190, kuna agizo jingine tayari, lifute kwanza. Hifadhi kazi zako mapema: muda ukizidi sifuri, amri hii hufunga programu kwa nguvu, hata yenye waraka ambao haujahifadhiwa.

Setingi zinapotea kila ukifungua

Je, uliifungua moja kwa moja kutoka ndani ya faili la ZIP? Ukifanya hivyo, Windows huitoa kwenye folda ya muda na setingi hubaki huko. Toa kila kitu kwanza. Je, umeiweka ndani ya Program Files? Programu zisizohitaji kusakinishwa huandika setingi kando ya faili lao, na Program Files haiandikiki kwa ruhusa za kawaida. Nyingine za zamani za biti 32 zinaamini zimeandika, kumbe Windows imeelekeza maandishi kwenye `%LOCALAPPDATA%\VirtualStore`. Tengeneza folda yako, kama `C:\Zana`, uweke zana zote humo. Folda ya Downloads si makazi; siku utakapoisafisha, kila njia ya mkato itabaki bila mwenyewe.

Historia ya ubao wa kunakili ni jambo jingine kidogo. Ile ya Win+V hushika vipengee 25, kila kimoja kisizidi MB 4, na hufutika kompyuta inapowashwa upya isipokuwa ulivyovibandika kwa pini. Haijaharibika, ndivyo ilivyoundwa.

Antivairasi imeifuta

Usikimbilie kuizima antivairasi. Zana ndogo hushukiwa kwa sababu za kweli: zinasikiliza kibodi, zinasoma nywila zilizohifadhiwa, au zimebanwa kwa namna ambayo virusi hupenda. Pakua upya kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji, linganisha alama ya utambulisho wa faili (hash) kwa `certutil -hashfile zana.exe SHA256` na ile aliyoichapisha, na ndipo uiruhusu faili hilo moja tu. Usiruhusu folda nzima.

Kwa zana za kupima joto na kuendesha feni, tahadhari zaidi. Nyingi zilitegemea draiva iitwayo WinRing0, ambayo ina udhaifu uliosajiliwa kama CVE-2020-14979, na mwaka 2025 Microsoft Defender ilianza kuizuia. Hilo si kosa la antivairasi. Tafuta toleo jipya la zana yako lililohamia draiva nyingine, kama PawnIO. Usiilazimishe ile ya zamani.

Haifunguki kabisa

Ikilalamikia `VCRUNTIME140.dll` au `MSVCP140.dll`, sakinisha Visual C++ Redistributable kutoka Microsoft, matoleo yote mawili ya x86 na x64. Programu ya biti 32 hutafuta ya x86 hata kama Windows yako ni ya biti 64, na hapo ndipo wengi wanakwama. Usipakue DLL moja moja kutoka tovuti zinazozigawa: mara nyingi utaishia kwenye kosa `0xc000007b`, yaani biti 32 na 64 zimechanganywa. Ikitaja .NET, soma toleo inalolitaka; .NET Framework 3.5 huwashwa kwenye Windows Features, ilhali .NET 6 na kuendelea huhitaji Desktop Runtime yake.

Mengine ya haraka

Flashi inakataa kutoka: fungua Event Viewer, Windows Logs, System, utafute tukio 225 la Kernel-PnP. Limeandika jina la programu inayoishikilia.

Mwanga wa kioo cha nje haubadiliki: washa DDC/CI, njia ambayo kompyuta huwasiliana na kioo, kwenye menyu ya kioo chenyewe, kwa vitufe vyake. Kama umepitia kituo cha kuunganishia (dock), jaribu waya wa moja kwa moja, kwani baadhi ya vituo havipitishi mawasiliano hayo.

Everything, zana ya kutafuta faili, haioni faili za flashi: husoma kwa kasi diski zilizoumbizwa kwa NTFS. Ya FAT32 au exFAT iongeze mwenyewe kwenye Options, Indexes, Folders.

CrystalDiskInfo, zana ya kupima afya ya diski, imeweka rangi ya njano: angalia mistari 05, C5 na C6, inayohesabu sekta zenye hitilafu. Namba zake huonyeshwa kwa mfumo wa heksadesimali, kwa hiyo `0A` ni sekta kumi. C5 ikipanda wiki hadi wiki, nakili data leo.

macOS na Linux

Kwenye macOS, nenda Privacy & Security na uangalie Accessibility, Input Monitoring na Screen Recording. Baada ya sasisho, swichi inaweza kuonekana imewashwa ilhali ruhusa haishiki. Iondoe programu kwa alama ya kutoa, kisha uiongeze upya. Programu za kupanua maandishi zikinyamaza ghafla, kuna programu nyingine iliyoacha ulinzi wa kuandika nywila (Secure Input) ukiwa umewashwa. Amri `ioreg -l -w 0 | grep SecureInput` itakupa namba ya mchakato wa programu hiyo.

Kwenye Linux, andika `echo $XDG_SESSION_TYPE`. Ikijibu wayland (mfumo mpya wa kuonyesha madirisha), xdotool, zana ya kutuma vitufe, haiwezi kutuma vitufe kwenye madirisha ya Wayland. Tumia ydotool, inayopitia uinput (sehemu ya kiini cha Linux), au ingia kwa kikao cha X11, mfumo wa zamani. Kazi za cron, mpangaji kazi wa Linux, zikikataa, andika njia kamili ya kila amri kwa kuwa cron ina PATH (orodha ya folda za kutafutia amri) fupi, weka `\` kabla ya kila `%`, na hakikisha mstari wa mwisho wa crontab, faili la kazi hizo, umefungwa kwa Enter.